Tata, Mimi Ndiye Niliyekuita Darasani

Mpendwa Tata,

Usishangae kuona nimekuandikia Kiswahili. Kikisii kingekuwa chepesi mkononi lakini kizito usoni. Katika lugha yetu kuna maneno ambayo mke wa mwana hawezi kuyatamka mbele ya baba mkwe wake, hata kama baba mkwe mwenyewe yuko chini ya udongo mwaka wa pili sasa, na leo nina maneno mengi ya namna hiyo. Kiswahili tulikipata shuleni, hakijui nani ni mkwe wa nani. Kwa hiyo nivumilie, na nikikosea ngeli, cheka huko uliko.

Nilipoletwa kwako kutoka Masimba nilikuwa mwalimu mpya kabisa, na maringo yangu yalikuwa mengi kuliko sufuria nilizokuja nazo. Nilikuta boma la watu wanaoshika chinsoni, heshima ile ya kuoneana haya baina ya mkwe na mkwe. Mimi na wewe tusishikane mikono, tusikae benchi moja, wewe usivuke kizingiti cha nyumba ya mwanao, na mimi nikikuona njiani nihamie kwenye majani mpaka upite. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza, maana ndivyo hata mama yangu alivyoishi na babu. Miezi ya kwanza nilikujua kwa mgongo na kwa kikohozi. Ulikuwa unakohoa mara mbili kabla ya kupinda kona ya zizi ili nipate nafasi ya kujiondoa, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu jikoni nikisema, huyu mzee ana kengele kifuani.

Basi siku Mama, mkeo, alipokuja kuniambia kwamba unataka kusoma Kiingereza, nilidhani ananitania.

"Nani? Tata?"

"Yeye mwenyewe. Anauliza kama dirisha la nyuma la darasa lako huwa linafungwa."

Miaka ile, Uhuru ukiwa bado mbichi, kila mtu mzima alitaka ngumbaru. Watoto wakienda nyumbani saa tisa, wazazi wao wanaingia na madaftari yaliyofungwa kwenye leso, wanajibana katika madawati mafupi mpaka magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wa ngumbaru upande wetu wote wa Nyaramba alikuwa mimi peke yangu. Mzee mwingine angesema, mke wa mwanangu ndiye mwalimu, basi bahati yangu imekufa. Wewe ulikuja ukakaa nje, chini ya dirisha la nyuma, juu ya gunia lililojazwa majani makavu ya ndizi, mgongo wako ukiwa umeegemea ukuta wa udongo. Jina lako lilikuwa kwenye rejista pamoja na wengine kumi na watatu. Mwili wako haukuwa darasani, lakini masikio yako yalikuwepo kuliko ya wote.

Nakumbuka tulivyojipangia bila hata kukaa tukapanga. Ukimaliza zoezi, unaweka daftari juu ya ubao wa dirisha na kurudi chini. Mimi nahesabu kimoyomoyo, halafu naenda kulichukua, nasahihisha, nalirudisha pale pale na kwenda zangu mbele. Halafu mkono wako unapanda taratibu kulitafuta. Hatukuwahi kuligusa daftari lile wakati mmoja. Nikitaka kukuuliza swali nilikuwa nasema, "Aliye nje ajibu," na sauti yako inatoka ukutani, nzito, ikiniita Mwalimu. Nyumbani nilikuwa mokamwana, mke wa mwana. Pale dirishani nilikuwa Mwalimu, na nilipenda sana ulivyolitamka.

Ulijieleza mapema kwa nini unataka lugha ile. Kila mwaka kwenye makambi, kanisa letu lilikuwa linapokea mhubiri mgeni anayehubiri kwa Kiingereza, na mkalimani wetu alikuwa mzee mmoja mwenye sauti kubwa na Kiingereza cha kuazima. Ulitusimulia kupitia dirishani mpaka darasa likavunjika mbavu. Mgeni amesimulia kisa kirefu cha mtoto na mama yake, ametoa leso, amefuta machozi, amefika mwisho anatetemeka. Watu elfu wanangoja. Mkalimani anakohoa na kusema, "Anasema dhambi ni mbaya." Ulisema mwaka ule ulirudi nyumbani na njaa. Ulisema mtu akija kutoka mbali na maneno yake, ni dhuluma kuyamwaga njiani.

"Mwalimu," ukasema, "mimi nataka kusimama pale hata mara moja tu kabla sijafa. Nianzishe na kuja. Alikuja, yuaja, atakuja. Hayo ndiyo mahubiri yote, mengine ni kuongeza chumvi."

Ndivyo tulivyoanza na kitenzi kile cha *come*, ingawa kwenye kitabu changu kilikuwa mbali mbele. Ehe, tulisumbuana! Ulikuwa umeshazoea *walk* na *walked*, *cook* na *cooked*, na ulikuwa umepata raha ya kubandika mkia ule kwenye kila neno. Sasa nikaandika ubaoni *come*, *came*, kisha *come* tena. Sauti yako ikatoka ukutani:

"Huyu wa tatu mbona amerudi kwa wa kwanza?"

"Ndivyo alivyo, Tata."

"Na huu mkia tuliofundishwa?"

"Haukubali mkia."

"Kwa nini?"

"Hakuna kwa nini. Unakariri tu."

Ukasema hata katika ukoo mzuri kuna mtoto mmoja hafuati mstari, na humfukuzi, unamjua tu kwa jina na tabia zake. Tangu siku ile nilikuwa nakusikia ng'ambo ya ua ukichuma pareto na kumkariri mtoto wako mkaidi. Naja. Nilikuja. Nimekuja. Nitakuja. Kila wakati unaupima kwanza kwa Kikisii, kisha kwa Kiingereza, ua moja kikapuni kwa kila neno. Uliwahi kuniletea ujumbe kupitia kwa Mama kwamba Kikisii hubadilisha kichwa cha neno na kuacha tumbo, na Waingereza hubadilisha tumbo na kuacha kichwa. Sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri namna hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Mkaguzi alikuja Alhamisi bila taarifa. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, si wa kabila letu, suti ya kijivu na viatu ambavyo sijui vumbi lote la kutoka Keumbu lilivikosaje. Wiki iliyotangulia alikuwa amefunga darasa moja la ngumbaru kwa sababu majina ya rejista yalizidi vichwa, na mwalimu wake akarudishwa nyumbani. Habari hiyo nilikuwa nayo. Na nilikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ambayo wewe hukuwa umeiona, maana ndiyo hasa kazi ya chinsoni, baba mkwe asiuone mzigo aliobebeshwa mkwewe na mwanawe.

Akahesabu. Kumi na tatu. Akatazama rejista. Kumi na nne. Akaniuliza kwa Kiingereza cha haraka, ambacho mle ndani hakuna aliyekifuata isipokuwa mimi, huyu mmoja yuko wapi. Nikamwambia yuko nje. Mbona yuko nje?

Tata, jibu lilikuwa mdomoni. Ningesema, bwana, yule ni baba mkwe wangu, na kwetu mambo haya yako hivi. Yeye pia alizaliwa na watu, pengine angetikisa kichwa na kuandika kumi na nne. Lakini nilitazama viatu vile nikaona haya. Niliona haya kuonekana mshamba, mwalimu mwenye cheti anayeamini mambo ya kujificha kwenye majani. Nikamjibu, "Amechelewa tu."

Wewe, ambaye ulikuwa unafika kabla hata sijafuta ubao!

Akasema mlete aingie, aje aandike ubaoni nimwone. Nikatoka. Wenzako ndani waliniona nikitoka, hawakujua naenda kusema nini. Nikazunguka ukuta na kusimama kwenye kona, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaja mbele yako mzima mzima, tumbo na yote. Uliinamisha uso upesi ukatazama daftari. Nikakuambia mkaguzi anakutaka ndani. Ukafungua ukurasa mwingine. Nikakuambia tena. Ukasema kwa upole, "Mokamwana, unajua haiwezekani."

Na hapo ndipo nilisema lile neno. Nilisema, "Nikifukuzwa kazi, huyu aliye tumboni atakula nini?"

Sikukupa nafasi. Mtu yeyote angenikatalia ombi langu, lakini nilijua wewe hungeweza kumkatalia mjukuu wako chakula. Nilitumia mtoto ambaye hajazaliwa kukusukuma mlangoni, na nilimtaja tumboni mbele yako, jambo ambalo hata wanawake wagomvi wa sokoni hawathubutu. Ulifunga daftari. Ulivua kofia. Nikatangulia, ukafuata.

Uliingia ukipita kandokando ya ukuta. Mkaguzi akaniashiria nikupe chaki. Nikaishika kwenye ncha, nawe ukaishika kwenye ncha nyingine, na vidole vyetu havikugusana, lakini watu wote waliona mkono wangu na wako kwenye kipande kimoja cha chaki. Uliandika *come*, *came*, *come*. Ukaandika sentensi nne chini yake, za kila wakati, bila kosa hata moja, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Mkaguzi akapiga makofi peke yake. Wanawake walikuwa wamejifunika leso usoni. Uliweka chaki kwenye ubao wa dirisha, pale pale pa kuwekea daftari, ukatoka.

Darasa langu halikufungwa. Niliandikiwa hata sifa.

Jumapili wazee watatu walikuja, mmoja wa ukoo na wawili wa kanisa, wakakaa mbele ya zizi lako. Niliitwa nikapiga magoti mbali, nyuma ya Mama. Mzee wa ukoo akauliza lililokuwa la kuulizwa: mtu mwenye akili zake alifikaje kusimama bega kwa bega na mke wa mwanawe, tena mwenye mimba, na kupokea kitu mkononi mwake? Ni nani aliyekuita mle ndani?

Hukusita. Ukasema, "Hakuna aliyeniita. Mokamwana alitoka kunionya niende nyumbani kwa sababu mkaguzi amefika. Mimi nikakaidi. Nilitaka kujionyesha Kiingereza changu."

Mzee akanigeukia. "Ndivyo?"

Nikasema, "Ee."

Neno moja. Nimefundisha maelfu ya maneno, na hilo ndilo pekee ninalolisikia nikilala na nikiamka. Wewe uliniwekea uongo mezani ukiwa umekwisha kukatwa na kuoshwa, mimi kazi yangu ilikuwa kutia mdomoni tu, na nilitia. Nilijiambia umependa mwenyewe. Nilijiambia kumpinga mzee wangu mbele ya wazee wengine ni kumvunjia heshima ya pili. Ona, sasa ndipo niliikumbuka heshima! Mtu akitafuta kichaka cha kujifichia hakosi.

Kanisa lilisema mtu ambaye nyumba yake ina maneno hawezi kusimama jukwaani kutafsiri. Walisema ni kwa muda. Wewe na mimi tunajua muda huo haukuisha. Sokoni Nyaramba vijana wakakupa jina, Mzee Kemu, na ulipopita na debe lako la pareto kuna waliokuwa wanaita, "Kam, kemu, kam!" halafu wanajificha nyuma ya vibanda. Ulikuwa unatabasamu na kuendelea. Ngumbaru hukurudi. Gunia lako lilikaa chini ya dirisha mpaka likaoza, na mimi sikuwa na moyo wa kuliondoa wala wa kulitazama.

Mwaka mmoja kwenye makambi, mjukuu wako yule wa tumboni akiwa na miaka mitano, uliketi safu ya nyuma kabisa, yeye kwenye paja lako. Mgeni alihubiri saa nzima. Mkalimani wetu akafupisha kama kawaida yake. Nikageuka nikaona midomo yako inacheza. Ulikuwa unatafsiri, Tata, yote, sikioni mwa mtoto, pole pole, bila kuruka. Jioni alinisimulia mahubiri mazima, mvulana aliyepotea milimani, mbwa, taa, kila kitu. Nikamuuliza umeyapata wapi. "Sokoro ameniambia," akasema, yaani wewe, babu yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikapika. Hata siku ile sikusema.

Na siku za kusema zilikuwa tele. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi nimeitembea miaka kumi na mitatu na bado inaendelea. Mzee wa ukoo alipougua nilimpelekea uji, nikakaa naye nikamwambia habari za mvua. Mwanao alikuja likizo kutoka kwenye mashamba ya chai ya Kericho na kuniuliza kwa nini siku hizi baba yake hatamki hata neno la Kiingereza. Nikamwambia labda amezeeka. Ulipolazwa, nikasema nitaandika barua ndogo Mama akusomee. Niliiandika. Niliichoma kwenye moto wa kupikia maharagwe, na maharagwe yakaiva, tukala.

Kwenye mazishi yako mzee mmoja wa kanisa alikusifu vizuri sana. Halafu akaongeza, akicheka kidogo kwa upendo, kwamba marehemu alikuwa na kosa moja tu maishani, tamaa ya kuonekana msomi, na Mungu amemsamehe. Watu wakacheka na kufuta machozi. Baada yake nikaitwa nizungumze kwa niaba ya wake wa wana. Nikasimama. Nikasema ulikuwa unapenda ndizi za kuchoma.

Hilo ndilo lililonivunja, Tata. Kabla ya hapo nilikuwa mwoga. Pale nilikuacha uzikwe na kosa langu.

Mwezi uliopita nilimkuta Mama akianika wimbi. Nikakaa chini, nikamwambia yote, kona ya ukuta, maneno ya tumbo, neno lile la "Ee". Hakuacha kutandaza wimbi. Nilipomaliza akasema, "Najua."

Nikamtazama.

"Aliniambia siku ile ile, kabla hajavua viatu. Akasema nisikuguse, una mimba, na wewe ni mtoto, umetishwa na mtu wa suti. Akasema utakuja kusema mwenyewe ukipata nguvu."

"Na ulikaa nami miaka yote hii? Ukala kwangu?"

"Nilikula. Ulipika vizuri." Akaokota kijiwe kwenye wimbi akakitupa. "Lakini yeye hakuacha kuniuliza. Ukitoka hapa kuniletea maziwa, ananiuliza, 'Amesema?' Makambi yakiisha, 'Amesema?' Hata wiki ile ya mwisho, sauti imekwisha, alinivuta nikainama. 'Mokamwana amesema?' Nikamwambia bado."

Nimekaa na neno hilo siku thelathini sasa na silali. Laiti ungenikasirikia! Laiti ungewaambia wazee kweli, wakanitoza mbuzi, wakanirudisha Masimba kwa aibu, yangekwisha. Kumbe hukuwa umeninyamazia, ulikuwa unaningoja. Kila ulipokohoa mara mbili kwenye kona ya zizi na mimi nikakimbia, ulikuwa unaningoja, na miguu yangu ilikuwa mizima tu siku zote.

Nilimwomba Mama msamaha. Akanikatalia. Alisema yeye hakudanganywa, kwa hiyo hana la kusamehe, niende kwa waliodanganywa. Basi Sabato hii, baada ya somo, nimeomba nafasi. Mzee wa ukoo ametangulia mbele ya haki, lakini wale wawili wa kanisa wapo na huketi benchi ya mbele. Mwanao amekuja kutoka Kericho, nilimwambia jana, amenyamaza tangu jana, na kesho kutwa atakuwepo vivyo hivyo. Mjukuu wako yule wa paja naye atakuwepo, anajua sasa kwamba alitumiwa kabla hajazaliwa. Barua hii nitaisoma kama ilivyo, kisha nitaisema yote kwa Kikisii, sentensi kwa sentensi, hata yale maneno ya haya, na sitafupisha.

Nilitaka kwanza nije kaburini nikuambie mwenyewe. Mama amenizuia. Amesema hata sasa si mahali pangu kusimama mbele yako, na tena swali hukuniuliza mimi. Ulimuuliza yeye. Kanisa likitoka, amesema, atapita pale kwenye migomba peke yake, akupe jibu.

Kwaheri, Tata. Samahani kwa kukuchelewesha.

Mimi,
Mokamwana wako